Mkwezi na Tende za Mtoni

Mnazi ukikatika kichwa pale Kiegeani, kisiwani Mafia, uwe umepigwa na radi au umeliwa kilele na mdudu chonga, Mkwezi hakuuacha ulale umesimama. Alikuja na shoka lake bila kuitwa, akauangusha, akaukata vipande, akakataa chai na akakataa ujira. Mwenye mti akimuuliza haraka ya nini, jibu lilikuwa lilelile: "Mti usio kichwa hautazamiki." Wapo waliodhani ni miko ya wakwezi. Wapo waliosema anatafuta magogo, lakini magogo aliyaacha palepale yalipoangukia.

Mimi ni jirani yake. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na ua wa makuti tangu nikiwa mtoto, na nilipomaliza chuo nikapangiwa kufundisha shule ya msingi ya kijijini, nilirudi kwenye ua uleule. Watu wote walimwita Mkwezi, hata mkewe, Bi Mwanahawa, ambaye akikasirika alisema, "Huyu Mkwezi wenu." Mimi nilimwita Mjomba kwa heshima tu, udugu wa damu hatukuwa nao.

Alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu, na katikati ya kifua alikuwa na sugu, pale ambapo mkwezi hukutana na mnazi. Akiwa juu hakusema kitu ila "Chini!" kabla ya kuangusha nazi. Hata akishuka hakuwa msemaji. Ukimpa shikamoo alikupa marahaba, akauliza mama yako ameamkaje, akaendelea na shughuli zake. Wanafunzi wangu walimwogopa kwa ule uso wake usiocheka. Lakini Ramadhani ikikaribia, woga ulikwisha. Walijipitishapitisha barazani kwake, mmoja mmoja, kama waliotumwa mahali, maana wakati huo Mkwezi alikuwa na tende.

Hazikuwa kama tende za dukani. Zilikuwa nyeusi, laini, zinang'aa kama zimepakwa samli, na zilifika kwa njia ndefu: kwanza zilivuka Ghuba hadi Dubai, huko akazipokea Mpemba mmoja mfanyabiashara, akazileta Unguja, kutoka Unguja zikaja Dar es Salaam, Dar hadi Nyamisati, Nyamisati hadi Kilindoni kwa boti. Sahani ya kwanza ilikwenda msikitini. Ya pili ilizungushwa kwa majirani, pamoja na nesi wa zahanati, mama wa Kinyakyusa asiyefunga, ambaye Mkwezi alimwambia, "Wewe hufungi, lakini jirani ni jirani." Zilizobaki zilikuwa za watoto. Yeye mwenyewe alifuturu kwa moja tu. Kokwa yake hakuitema. Ukizungumza naye baada ya Magharibi ulisikia inagonga meno, na alikwenda nayo hadi tarawehe.

Na yeye hakupokea bila kurudisha. Alikuwa na mikorosho yake upande wa bondeni, na kila msimu Bi Mwanahawa alikaanga korosho kwa mkono wake, akazifungasha, zikasafiri njia ileile kinyumenyume. Tunda kwa tunda.

Hadithi ya tende hizo sikuipata kwa siku moja. Aliitoa vipandevipande, hasa akiwa anasuka kamba, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kutazama.

Ujanani mwake bado zilikuja jahazi chache za Ghuba kuchukua boriti za mikoko. Nahodha mmoja alimwona anavyoparamia, akamwambia watu kama yeye wanatafutwa kule. Akaenda akatembee, akabaki. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, kando ya mto mkubwa, upande wa Irani. Jina lake la kweli hakunitajia kamwe. Aliuita Mtoni. Kingo zote za mto huo zilikuwa mitende, macho yanachoka kabla haijaisha.

"Nilidhani nimefika Mafia ya pili," aliniambia, "ila minazi yake imeota miiba."

Huko alijifunza kwamba mkwezi ni zaidi ya kuangua. Mtende jike hauzai vizuri mpaka mtu apande na maua ya mtende dume, ayafunge kwa mkono kwenye mashada yake. "Kule mkwezi ndiye mshenga," alisema, na hiyo ni miongoni mwa mara chache nilizomwona akitabasamu. Watu weusi kama yeye walikuwepo kule tangu enzi za mababu, basi hakuna aliyemshangaa. Mwenye shamba alimwoza dada yake. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Zuhura.

Kisha vikaja vita. Mto ule ndio uliokuwa mpaka wa nchi mbili, na nchi hizo mbili zikapigana. Kila kombora lililokosa watu lilipata miti. Asubuhi moja, alisema, walitoka wakakuta shamba lote limekuwa nguzo. Hakuna kilele, hakuna kuti, nguzo tupu zimesimama mpaka upeo wa macho. Kombora jingine liliangukia jiko la nyumba. Mkewe alikuwa jikoni.

Ukoo ulikimbilia ndani ya nchi. Yeye hakuwa na karatasi, na wageni wasio na karatasi walikuwa wanakusanywa na kupakiwa melini. Zuhura ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Wakakubaliana na shemeji yake, yule mwenye shamba, kwamba mtoto abaki kwa bibi yake, baba aende, mambo yakitulia atarudi.

"Nilimwambia shemeji, baada ya mwezi," alisema. Akasuka kamba kitambo. "Nilisema baada ya mwezi, Mwalimu."

Hakurudi. Vita vilikwenda miaka, na vilipokwisha hakuwa na nauli, na alipokuwa na nauli hakuna aliyempa ruhusa ya kuingia. Alikuwa na msemo wake, aliutumia hata kwa mambo madogo, kama ugomvi wa wanandoa: "Vita vikiisha kwa watu, kwa miti ndiyo kwanza vinaanza." Mimi niliudhani ni fumbo. Kumbe alimaanisha neno kwa neno. Mtende unachukua miaka kuzaa, na mto uliopungua maji unaingiza chumvi, na ardhi imejaa mabomu yaliyofukiwa. Shemeji yake alirudi Mtoni akaanza kupanda upya, chipukizi moja moja, mahali ambapo mababu zake walikuwa wanavuna tu.

Bi Mwanahawa aliyajua yote hayo kabla ya ndoa. "Alikuja kuposa ameubeba msiba wake mkononi," aliniambia, "kama mtu anayekuja na mzigo anauliza pa kuutua. Nikamwambia tua hapa." Lakini hakuwa malaika. Alikiri kwamba miaka ya mwanzo aliuonea wivu ule mji asioujua. Mumewe alikuwa amezika kokwa za tende nyuma ya choo, ukaota mtende mmoja wenye miiba, na Bi Mwanahawa aliuchukia. Haukuzaa. Mvua za huku huukuta mtende wakati mbaya. Mkwezi alilijua hilo kuliko yeyote, na bado aliumwagilia maji. "Mti wa miiba usiozaa," mkewe alilalamika, "na unanywa maji kuliko mimi."

Yule Mpemba ndiye aliyeunganisha kilichokatika. Alikuwa Dubai sokoni, akakutana na mtu wa Mtoni anayeuza tende, na mtu huyo alipomsikia anazungumza Kiswahili akamuuliza kama anamjua mkwezi mmoja wa kisiwa cha Mafia. Ndivyo sanduku la kwanza lilivyofika, na ndivyo ilivyofika namba ya simu. Mara ya kwanza baba na mwana waliposemezana, Zuhura alikuwa ameshaolewa ana watoto. Nakumbuka Mkwezi alitoka na simu akaenda kusimama kwenye mikorosho, na kwa mbali tukasikia sauti yake ikisema lugha tusiyoijua, kwa haraka, kwa mikono, kama mtu mwingine kabisa. Bi Mwanahawa alisikiliza akasema, "Kumbe anajua kuongea."

Miaka ile ya masanduku ilikuwa mizuri. Kisha vikwazo vya biashara dhidi ya Irani vikakazwa.

Mimi neno vikwazo nilikuwa nalisikia redioni na kulipita. Kwa Mkwezi lilikuwa na sura. Shemeji yake alimweleza kwenye simu, na yeye akanieleza mimi. Mitende aliyoipanda baada ya vita ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri, tende zimejaa ghalani, wanunuzi wa zamani wa nje wanazitaka, lakini malipo hayapiti. Benki ikiona jina la nchi inarudisha. Meli nyingi hazitaki kupakia. Sasa anakuja mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya Ghuba, anazinunua zote kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua hakuna mwingine, anazipeleka kwao, anazitia kwenye maboksi yenye jina la nchi nyingine. Zikitoka hapo zinakwenda popote duniani.

"Tende hazijakatazwa," Mkwezi aliniambia. "Kilichokatazwa ni kusema zimetoka wapi."

Mwaka uliofuata sanduku halikuja. Mpemba alikuwa ameogopa mizigo ya huko. Basi siku chache kabla ya mfungo tulikuwa Kilindoni, mimi nimefuata mambo ya ofisi ya elimu, Mkwezi amefuata kamba, tukaingia duka la Baba Neema. Huyo ni mtu wa Moshi, yupo kisiwani miaka mingi, na kila Ramadhani analeta tende ingawa yeye ni wa kanisani. Maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni. Mkwezi akachukua moja akaligeuza.

"Hizi za wapi?"

"Si imeandikwa hapo, mzee wangu."

"Kusoma najua. Nakuuliza za wapi."

"Mimi nanunua Kariakoo," Baba Neema alisema kwa upole. "Wa Kariakoo ananunua Dubai. Nikianza kumuuliza kila mtu katoa wapi, mwezi wenu utaisha niko njiani."

Mkwezi aliomba kuonja. Akapewa. Alitafuna taratibu, kokwa ikagonga meno. "Hizi ni za kwetu," alisema. "Wamezivua jina."

"Sasa kama ni za kwenu si ndiyo vizuri? Chukua, nitakupunguzia."

Alilirudisha boksi mahali pake, akalinyoosha liwe sawa na mengine, akatoka. Mwezi ule alifuturu kwa maji. Bi Mwanahawa alinunua boksi moja kwa siri, akaziweka tende kwenye kisahani chao cha kila siku pembeni ya muhogo wa nazi. Alikisogeza kando. Siku ya pili akakisogeza tena. Mimi nilikuwa nimepeleka uji, nikaukuta ugomvi mezani.

"Mimi sili kitu kilichokanwa," alisema.

Bi Mwanahawa hakupandisha sauti. "Wenye nguvu wamewakataa watu wale kwa sababu ya jina. Na wewe leo unawakataa kwa sababu ya jina. Sasa hiki kisahani nani amekiwekea vikwazo?"

Uji ulipoa, kisahani kiko palepale. Hakugusa. Kesho yake Bi Mwanahawa aliniita uani akanionyesha kisahani: kimepungua moja.

Tangu hapo kila habari kutoka Mtoni ilikuwa ya kupungua. Shemeji yake aliuza upande mmoja wa shamba. Kisha pampu ikaharibika, kipuri chake kinatoka nje, na kipuri nacho kina vikwazo. Kisha shemeji akafariki. Mume wa Zuhura akaenda kutafuta vibarua vya ujenzi katika mji mkubwa, Zuhura akabaki na wakwezi wa kukodi ambao walitaka malipo kabla ya kupanda. Mkwezi alipenda kumwelekeza kwa simu namna ya kufunga maua ya dume, na siku moja Zuhura alimjibu, "Baba, kuzaa inazaa. Tatizo si kuzaa."

Hilo alilielewa. Anayelima korosho anajua maana ya kuvuna ukakaa na magunia. "Lakini sisi," alinipa mfano, "msimu ukiwa mbaya tunamlaumu mnunuzi kwa jina lake, tunakwenda kumgombeza. Wao wamgombeze nani?"

Alikuwa hapendi habari, akizisikia kwa watu anaondoka barazani. Wakati huohuo redio ndogo haikumtoka mkononi, na alipanda nayo mpaka kileleni imefungwa kiunoni. Ndiyo iliyomwambia, akiwa juu ya mnazi wa watu, kwamba ndege za kivita zimeanza kuipiga Irani. Alishuka bila kuangua hata nazi moja. Alikuja moja kwa moja shuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama dirishani mwa darasa langu.

"Mwalimu, samahani. Nipigie Zuhura."

Simu yake ilikuwa ya tochi, na siku hizo tulikuwa tukitumia yangu kwa sababu ina intaneti. Nilipiga. Haikuita. Nilipiga mchana, nilipiga jioni. Huko walikuwa wamezima mtandao. Siku zikaungana. Kila nikitoka kazini nilimkuta kwenye ua, haulizi kitu, ananitazama mkono. Katika siku hizo za kungoja, Bi Mwanahawa alimkuta ameanguka karibu na kisima. Kiharusi.

Walimtibu Kilindoni akarudi nyumbani anaburuta mguu wa kulia. Kukwea ndiyo basi. Ulimi ulirudi polepole, maneno mazito, lakini ulirudi. Na hapo ndipo ujumbe ulipoingia, kwa namba ngeni, sauti ya Zuhura. Nilimpelekea mbio. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatueleza kipande kwa kipande. Wako hai. Wamekwenda ndani ya nchi kwa ndugu. Mavuno ya mwisho yalikuta bandari imefungwa na magari hayana mafuta, tende zikachacha zikapewa mbuzi. Shamba halina mtu. Bila pampu, mitende michanga imekauka. Ile mikubwa hajui.

"Mjibu," Bi Mwanahawa alimwambia.

Nilishika simu karibu na mdomo wake. Akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Nilimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa mlango wa chumba anachokijua gizani. Kiajemi, lugha ya kule Mtoni, alikisikia chote, lakini kukisema hakukuwepo tena. Kiharusi kilikuwa kimekichukua na kumwachia Kiswahili peke yake. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akageuza uso ukutani.

"Sema Kiswahili, Mjomba," nilimwambia.

"Hajui."

"Sauti yako anaijua."

Aligeuka kutoka ukutani. Halafu akaanza, kwa lile neno moja ambalo ni lilelile huku na kule. "Baba hapa," alisema. "Zuhura, ni baba. Naumwa kidogo. Mguu umekataa. Huku mvua zimenyesha vizuri, mikorosho imetoa maua. Bi Mwanahawa anakusalimu, ananipikia uji hauna chumvi. Mwanangu, ile mitende, iache. Usirudi kwa ajili ya miti. Mimi nilisema baada ya mwezi nikakudanganya. Kaa na watoto wako." Akaishia hapo, akasahau kwamba simu bado inasikiliza, tukasikia kuku wanachakura uani, na vyote vikaenda ndani ya ujumbe.

Jibu lilikuja siku ya pili. Alilisikiliza mara mbili kabla ya kutuambia.

"Anasema hajaelewa neno hata moja. Anasema aliwanyamazisha watoto ili asikie." Akafuta macho kwa ncha ya kanzu. "Anauliza nitatuma nyingine lini."

Alituma nyingine, na nyingine. Mtu yule ambaye kwa miaka yote alikuwa na "Chini!" na "marahaba" tu, sasa alizungumza na simu mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Alimsimulia Zuhura jinsi mama yake alivyokuwa anacheka. Alimweleza jinsi ya kuchagua nazi ya kukuna. Alimpa hata habari za majirani. Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Ijumaa baada ya swala, barazani, na aliongea muda mrefu juu ya harufu ya maua ya mtende dume, kwamba inafanana na unga mbichi. Alipomaliza akanishika kiganja.

"Mwalimu, wewe umesikia yote haya."

"Nimesikia, Mjomba."

"Basi," alisema, na akaniruhusu niende nikapike.

Alifariki wiki iliyofuata, baada ya alfajiri. Tulimzika siku hiyohiyo. Watu waliokuja sikuwatarajia: Baba Neema alifunga duka akaja kutoka Kilindoni, na yule nesi alikaa na wanawake jikoni mpaka jioni.

Siku ya hitima simu yangu ikalia. Ujumbe wa Zuhura. Alikuwa anauliza kitu, hilo lilieleweka kwa mpando wa sauti, na nyuma yake mtoto alikuwa anacheka. Nilimpelekea Bi Mwanahawa alipokuwa amekaa eda, nikamwambia naweza kuandika, simu yenyewe itatafsiri.

"Habari hii haiandikwi," alisema. "Inasemwa na mtu."

"Kwa lugha gani, mama?"

Alinyoosha mkono nikampa. Alikuwa hajawahi kuishika. Nilimwekea kidole mahali pa kubonyeza.

"Zuhura, mwanangu," alisema. "Baba." Akapumua. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Tulikaa. Kilipita kitambo kabla jibu halijaingia. Kwanza palikuwa kimya tupu, yule mtoto hasikiki tena. Kisha sauti ya Zuhura ikayarudia maneno yaleyale, taratibu, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Kisha akaita "Baba," akalia, na hakuzima.

Bi Mwanahawa aliishika simu kwa mikono miwili mpaka sauti ilipokatika. Akaniambia niirudishe mwanzo.